Mwite Nyamizi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogeza kigoda, punguza moto jikoni, tusikilizane. Juma lililopita, huko Igalula, tulimzika Bibi Marcelina. Magazeti hayakumwandika. Sisi tutamsema. Enzi za Mwingereza, mama huyu alimtafutia mwanawe daktari wa akili, wakati wengi wetu tulijua dawa moja tu ya mtoto kama yule: gogo.

Gogo, wasikilizaji. Mguu unatiwa kwenye tundu la gogo, kigingi kinapigiliwa, na mtu anakaa hapo.

Mtoto alibatizwa Imakulata. Alikuwa mzima na mcheshi, mpaka homa kali ikampiga. Baada ya homa, akabadilika. Ametulia tu, mara macho yanaganda, kisha anauma, anapiga, anarusha vijinga vya moto. Baba yake alikuwa mbali, manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge. Marcelina alibaki na ukoo wa mume, na ukoo ukasema: mizimu hiyo.

Akaitwa mfumu, yaani mganga wa ramli. Mfumu akasema marehemu Nyamizi, bibi wa ukoo, anadai jina lake. Mtoto akapakwa unga wa mtama, akaitwa Nyamizi. Na mwiko juu: jina la Imakulata asiliitikie tena. Akiitika, anachapwa. Marcelina mwenyewe alimchapa. Alimpenda, ndiyo maana alimchapa. Hofu ni mwalimu mbaya, jamani.

Haikusaidia kitu. Mwaka 1954, mtoto akiwa na miaka saba, aliunguza ghala la mtama la jirani. Jumbe Lugembe, mkuu wa kijiji, akaja mwenyewe.

"Mama, nimevumilia vya kutosha," alisema. "Watu watakula nini? Kama hana dawa, kesho tunakata gogo."

Hiyo kesho Marcelina hakuingoja. Alimbeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa vile, akakimbilia kwa shemeji yake Alois, katekista. Alois alikuwa amesikia kwamba daktari wa akili anapita Tabora, kwenye zahanati moja ya misheni, siku hiyo tu, kisha anaendelea na treni. Wakapanda treni. Njiani Alois alimwonya.

"Shemeji, habari za mfumu usizitamke. Padri akijua, wewe komunyo huioni, na mimi ukatekista basi."

Marcelina akaitikia kwa kichwa. Kwa mjane wa mume aliye hai, komunyo ya Jumapili ndiyo ilikuwa faraja yake pekee.

Daktari alikuwa Mzungu, Kiswahili chake cha kuungaunga, na treni yake ilikuwa karibu kuondoka. Akaita jina la ubatizo, kama Alois alivyomwandikisha mtoto: "Imakulata!" Mtoto kimya. Akaita tena kutoka nyuma. Kimya. Akapiga makofi, mtoto akaruka.

"Masikio mazima," daktari akasema. "Lakini jina lake halijui. Akili haipo. Huyu apelekwe hospitali ya wendawazimu, akae huko. Wodi ya watoto haipo, atakaa na watu wazima."

Marcelina akamtazama Alois. Alois akatikisa kichwa: usithubutu. Daktari akaanza kufunga mkoba. Mama wa watu akapima moyoni. Akisema, anapoteza altare. Akinyamaza, anapoteza mtoto.

"Bwana daktari," akasema, "mwite Nyamizi."

"Nyamizi!"

"Bee!" Mtoto akageuka.

Hapo Marcelina akamwaga yote: mfumu, mwiko, viboko, homa, macho yanayoganda. Daktari akaketi tena. Habari za macho hayo aliziuliza sana. Mwisho akasema hiki ni kifafa, kile kisichomwangusha mtu chini, na juu yake kuna hofu ya viboko. Akampa vidonge. Akaagiza asipigwe, na aitwe jina moja tu, lile analoliitikia.

Walirudi Igalula, na gogo halikukatwa. Ghadhabu zilipungua polepole, kwa misimu, na siku nyingine zilirudi. Lakini zilipungua.

Alois, kabla hajasemewa, alikwenda mwenyewe kumweleza padri. Marcelina akafungiwa komunyo miaka mingi. Kila Jumapili alikwenda vilevile, akaketi benchi la mwisho.

Binti yake, leo bibi mwenye wajukuu, ametuambia hivi: "Nilipokua nikamuuliza mama, wenzio wanakula mkate, wewe mbona unabaki umekaa? Akacheka. Akasema, 'Mwanangu, mimi nilishiba siku ile ulipoitika.'"

Kwa familia ya Igalula, poleni sana. Mungu ampokee mama yetu, naye akae mbele.

Na wewe unayetusikiliza, uliyemfungia mtoto chumba cha uani mpaka wageni waondoke. Daktari wake leo yupo. Ukifika kwake, utamwambia yote?