Tangi Lisilojaa

Mnaangaliana, nimewaona. Sijafungua mdomo mmeshaanza kukonyezana kwamba mama homa imempanda kichwani, mama anaota, mpeni maji alale. Sikuwaita mje kunipima akili. Sikilizeni, wanangu: wewe mkubwa zima hiyo simu, na wewe kitinda mimba futa machozi, sijafa bado, na anayetaka kulia kabla sijamaliza atoke akalie uani na kuku.

Kuota naota, sikatai. Tangu mguu huu uvimbe nalala hapa ukutani, mabomba ya bafu yanapita nyuma ya kichwa changu, na mtu akilala hivyo muda mrefu hajui tena lini kasinzia na lini yuko macho. Nasikia maji. Nawajua wote kwa maji yenu: mkubwa anayamwaga kwa pupa kama anafukuzwa, binti yangu anayahurumia, kitinda mimba anayaacha yatiririke huku anaimba. Yanapita chini ya sakafu kwenda nyuma ya nyumba na mimi nakwenda nayo, nimelala chali, mwepesi kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, na humo gizani nakutana na maji yote ya nyumba hii, aliyonawia marehemu baba yenu akitoka kazini, niliyofulia nepi zenu, yanapita kimya kimya kama watu wanaotoka msibani. Yakifika kwenye tangi hayatulii. Yanaendelea kwenda. Hapo ndipo ninaposhtuka, kwa maana kazi ya tangi la maji taka ni kuyakalisha kwanza.

Baba yenu alivimba kichwa kwa sababu ya tangi hilo. Majirani wakiita gari la kunyonya maji taka, yeye alikuwa akisimama mlangoni mikono kiunoni, anawaambia, "Langu halijai." Tulipoinunua nyumba hii mkaguzi aliletwa na huyo huyo aliyetuuzia, alikuja na viatu vinavyong'aa na akaondoka navyo vinang'aa. Alichungulia, akaona maji yako chini, akasema lina nafasi tele, hongereni. Maji yalikuwa chini kwa sababu ukuta una ufa, na ufa umeelekea kisimani.

Mwenzenu, yule aliyekuja kati ya binti yangu na kitinda mimba, alikuwa na tabia ya kunywa maji ya kisima kwenye ndoo kabla sijayachemsha. Tumbo lilimshika na halikumwachia mpaka tukamzika. Shemeji yangu, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, akamnyooshea kidole mama wa nyumba ya nyuma, eti alimpa mtoto kitu, na baba yenu akakataza tusisalimiane na watu wale. Mama yule amekufa hatujasalimiana. Halafu akaja fundi kuchimba msingi wa ukuta, akakuta udongo kati ya tangi na kisima umelowa, mweusi, unanuka. Akaniita nikauona kwa macho yangu. Alipomwambia baba yenu alifukuzwa kazi papo hapo. Siku ya pili, baba yenu yuko kazini, nilikifunika kisima kwa zege. Tangi hakuligusa mpaka anaingia kaburini, kwani kulitengeneza kungekuwa kukubali.

Sasa wewe mkubwa, unayesimamia kuuzwa kwa nyumba hii. Walipokuja kuiangalia, yule mke wa mnunuzi alisimama juu ya zege la kisima, mtoto mgongoni, akauliza chini kuna nini. Ukamjibu ni kisima kizuri, mtakifungua wenyewe. Kisha ukaongeza, kwa sauti ya baba yako kabisa, kwamba tangi hili halijai. Nilikuwa hapa kitandani, usingizi umenishika nusu, nikadhani marehemu karudi, nikavuta shuka. Nyamaza, sijakwambia umedanganya. Umerithi.

Lakini dalali wako anajua anachofanya. Kakutafutia mkaguzi wa kwake, na kakushauri gari la kunyonya lije kwanza ili tangi lipendeze. Lipendeze kwa nani, mwanangu, kwani ni bibi harusi? Tangi likinyonywa kabla ya kukaguliwa haliwezi kusema kitu, hutaona maji yaliishia wapi. Gari hilo binti yangu amelirudisha asubuhi, mimi ndiye niliyemtuma, na mkimnunia, ninunieni na mimi.

Nanyi mtakaponunua kwenu, au kuuza, msikubali mkaguzi anayeletwa na mtu anayetaka mauzo yapite. Anayenunua atafute wa kwake. Asiwe mwenye gari la kunyonya wala muuza matangi, maana huyo ataona ugonjwa pale panapojaza mfuko wake. Mchague anayeuliza maswali mpaka akuchoshe: mliishi wangapi, kisima kiko wapi, mvua ikinyesha uani panakuwaje. Afungulishe mabomba yote, atembee kiwanja chote, afungue mfuniko na ainame. Pale asipoona aseme hajaona. Anayejua yote akiwa amesimama, mpeni chai aende zake.

Nyumba iuzwe, na kitakachopatikana mgawane sawa. Bei ikishuka kwa sababu ya ukweli huu, ishuke, mnunuzi atalijenga tangi upya akijua analojenga. Cherehani ni ya binti yangu. Kitanda hiki ni cha kitinda mimba, na usiniambie kinalia, kinalia kwa sababu kimebeba watu. Mkubwa utachukua saa ya baba yako, ila sauti yake iache humu ndani. Na mwende nyumba ya nyuma, nyote, mkawaombe radhi watoto wa mama yule, msikae kwenye viti mpaka wawakaribishe.

Ngojeni nipumue.

Mnasikia hiyo, tap, tap, kule nyuma? Siyo ndoto. Ni mkaguzi wa wanunuzi, wamemtafuta wenyewe, anapima ardhi kwa chuma chake, na yule mama mwenye mtoto yuko naye. Lazima waonyeshwe ufa uko upande gani na fundi alichimba wapi, na humu ndani aliyeona ni mimi peke yangu. Nipe fimbo. Siyo bega lako, mkubwa, nimesema fimbo.

Mungu awape nyumba... zenye maji safi. Awape watoto wanaowachokoza mkiwa wazee. Asiwanyime... ah, mguu huu... asiwanyime usingizi. Nimewabariki, wote, hata wewe uliyenuna.

Kaeni hapo hapo, msinisindikize. Natoka, na mlango naufunga mwenyewe, wanakaribia kufungua mfuniko na sitaki harufu iwafuate humu ndani.