Baloni Chini ya Ngozi ya Clarisse

Wapendwa muliokuja kulia pamoja nasi, kabla sijasoma maisha ya marehemu, kila mutu aape mbele ya hili jeneza kwamba nitakayosema hayatatoka nje ya uzio wa hii parseli, maana familia imenikataza kuyasema, na mimi Élisabeth, mama yake mukubwa, niliwaahidi, lakini marehemu hakuahidi kitu.

Clarisse Nyiransengimana alizaliwa Kibumba tarehe 4 Machi 1991, akasoma hapo mpaka la sita primeri, akauza kabichi hapa Goma, na tarehe 18 Agosti 2012 akaolewa na Bienvenu Hitimana wa Murara, aliyekuwa anabishana naye bei kila siku na hata kabichi hapendi, wakapata mutoto mumoja, Gisubizo, huyu aliyeketi mbele kwa tate yake, bibi mwenye kuzaa Bienvenu.

Tarehe 9 Februari 2024 bidoni ya esanse, ile petroli, iliwaka jikoni, ikaunguza mama shingo na mutoto bega, na kovu la Clarisse likavuta kidevu mpaka kifuani, asiweze tena kuangalia mutu usoni. Mwaka huu madaktari wakawawekea wote wawili baloni chini ya ngozi nzima isiyoungua, kando ya kovu, wakawa wanaijaza maji ya serumu kidogo kidogo, ngozi ikue, wapate ya kufunika pale paliungua. Walituonya, ikigeuka nyekundu ao ngozi ikiwa nyembamba mukimbie kwetu lopitali siku ile ile, tutapunguza maji ao tutaitoa, ikipona tutaanza upya, lakini nyumbani mutu asiiguse.

Ya Clarisse ikageuka nyekundu. Watu wa kartie wakasema Clarisse ameota shingo ya pili, amekula karuho, ile sumu ya wenye wivu, na mutu akamuchanja juu ya baloni, akapaka majani, akamukataza lopitali. Usaha ukaingia, baloni ikatokeza kwa kidonda, na madaktari walipoitoa uchafu ulikuwa umeshafika katika damu, akakata roho juzi alfajiri. Nilimuuliza ni nani, akasema, “Mama mukubwa, ni mutu wa nyumba, uache.”

Na leo asubuhi, penye sufuria za wapishi, nimesikia wakinong'ona kwamba baloni ya mutoto lazima ichanjwe kabla ya kuzika, ili karuho iende na mama yake.

Tunashukuru madaktari, majirani wa Murara, na wauza kabichi wenzake waliolala naye lopitali. Clarisse binti yangu, lala salama, shingo yako sasa imenyooka, na… Mama Mukamugema! Wewe mama mukwe wake, mutoto analia nini chini ya kitenge chako? Inua mukono. Inua juu, watu waone. Ni wembe, wapendwa, na yale majani yamo kwa kiganja. Bienvenu, acha kuniangalia mimi, mushike mama yako mukono, bado hajakata!