Malkia na Shujaa Wake wa Bati

Basi la kutoka maegeshoni kwenda tamasha la enzi za wafalme lilijaa waigizaji wenye mataji na deraya, mavazi ya vita ya bati. Mbele ya Wanda, muuza mapaja ya bata mzinga tamashani, walikaa wawili aliowasikia wakitaniana kila msimu: malkia Corinne na shujaa wake, Leland. Desturi yao ilikuwa moja: ukishavaa mavazi ya igizo, huongei tena kama mtu wa kawaida.

Leo Corinne aliivunja. "Leland, uvimbe umerudi. Safari hii madaktari wamenyoosha mikono."

"Nionyeshe huyo adui, mtukufu, nimkate kichwa!"

"Acha basi. Niite Corinne, leo tu."

"Corinne? Mja wako hamjui mtu huyo."

Wanda alitamani kumzaba kofi. Jitu zima linajificha ndani ya kopo!

"Nikiondoka utabaki na nani, wewe?" Corinne aliuliza.

"Na malkia wangu, milele."

Basi likasimama langoni. Leland akashuka, akapiga goti na kumpa mkono kama kawaida. Watu wakasubiri tusi la utani ambalo malkia humjibu nalo kila msimu.

"Inuka, sufuria we," alisema Corinne.

Watu wakacheka. Leland hakuinuka. Wanda alisikia bati lote mwilini mwa Leland likigongana, kama vyombo kabatini lori likipita.