Sauti ya Bi Dirishani

Benchi ni langu. Nasema mapema, kwa sababu yaliyosemwa juu yake mwezi ule yananihusu, hata pale ambapo sikufungua mdomo. Liko mbele ya duka langu la kunyoa, ubao mmoja mrefu ulioegemea ukuta. Upande wa mlangoni hukaa Bisibisi, fundi wa redio na simu, ambaye kibanda chake kiko hatua kumi tu na humkuti humo hata siku moja. Katikati hukaa Dakika Moja, muuza viatu. Jina alilipata kwa kuomba dakika moja na kula saa nzima. Shangazi, mwenye birika la kahawa, hukaa kwenye kigoda chake na kutusuta. Mwisho wa benchi, penye kivuli, ni kwa Mizani, mtengenezaji wa mizani za madukani, mtu wa maneno machache. Jumatatu ile alikuja na kishikwambi cha mkewe kimefungwa kwenye taulo, akakipakata.

Mkewe ndiye Bi Dirishani. Miaka ishirini alikaa kwenye dirisha la dawa pale zahanati, na mtaa mzima ulimjua kwa sauti kabla ya sura: "Anayefuata!" Miaka miwili iliyopita madaktari walimpasua koo. Yeye walimwokoa, sauti ikawashinda. Lakini kabla ya kulazwa alijifungia chumbani wiki mbili na kishikwambi chake, akarekodi sentensi mia nane. Chai tayari. Funga mlango, mbu wanaingia. Mume wangu, shati umeligeuza. Alirekodi na matusi matatu, ya heshima, na "Njoo kwa bibi", wakati huo mjukuu hayupo hata kwenye ndoto. Toka hapo akibonyeza picha, kishikwambi kinasema kwa sauti yake mwenyewe. Mizani aliendelea kugombezwa nyumbani kwake kama zamani, na hakuna mtu aliyefurahia kugombezwa kama yeye.

Wiki tatu kabla ya Jumatatu hiyo, ujumbe uliingia kwenye kishikwambi kutoka kwa kampuni iliyokitengeneza. Mizani aliuona asubuhi, mkewe akiwa bafuni. Badala ya kumngoja atoke, alikibeba akaja nacho benchini. Mimi ndiye niliyeusoma kwa sauti: "Mteja wetu mwaminifu, tunakushukuru kwa kuwa nasi miaka yote hii. Tunasikitika kukufahamisha kwamba baada ya tarehe thelathini kifaa hiki hakitahudumiwa tena." Nilipofika hapo Bisibisi akaruka: "Zima! Zima kabla apdeti haijaingia ikakifunga!" Tukazima. Mizani akakifungia kwenye droo ya karakana yake, akamwambia mkewe kimeharibika, kiko kwa fundi. Tarehe thelathini ilipita Jumamosi, na Jumatatu ndiyo siku tuliyoagana kukiwasha.

Bisibisi: Usikiwashe kwanza. Kikae kidogo, kizoee.

Shangazi: Kizoee nini? Ni mgeni?

Bisibisi: Shangazi, mimina kahawa, mambo ya vyombo tuachie. Kazi imekwisha hii. Apdeti ilikuja, ikabisha hodi, ikakuta nyumba imefungwa, ikapita. Mwenda pole hajikwai.

Mimi: Hapo hakuna aliyekwenda, Bisibisi. Tulikaa.

Bisibisi: Ndiyo upole wenyewe huo.

Shangazi hakucheka. Alimpa Mizani kikombe na kumtazama anavyokishika bila kunywa.

Shangazi: Wifi anasemaje nyumbani, kaka?

Mizani: Anaandika. Daftari la tatu hili. Akiwa jikoni akitaka kuniita, anagonga sufuria kwa kijiko.

Shangazi: Na unaitika?

Mizani: Naitika. Lakini kijiko hakijui kutaja jina langu.

Dakika Moja, ambaye kimya humwasha kama upupu, akakohoa.

Dakika Moja: Nipeni dakika moja tu. Mimi nawajua watu wa biashara. Kampuni haimtupi mteja mwaminifu, inampima. Wanatoa tangazo hivi, kisha wanatazama: nani atakimbilia kwa wengine, nani atabaki. Anayebaki anaandikwa pembeni. Mzee Mizani ameandikwa, mtaona. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakituona kimya, watatutafuta wenyewe.

Mimi: Watupate wapi, na chombo tumekizima?

Dakika Moja: Aliye mwaminifu hatafutwi kwa mtandao, Kinyozi. Anajulikana.

Mizani: Mimi nawaamini.

Alisema taratibu, macho kwenye taulo.

Mizani: Kishikwambi cha kwanza tulinunua kwao. Cha pili, kwao. Hiki cha tatu. Simu yangu, yao. Binti yetu aliponiletea cha kampuni nyingine nilimrudishia, nikamwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Na mimi mwenyewe ndivyo nilivyo kazini. Mzani niliomuuzia mtu nikiwa kijana, ukija leo naufungua. Springi yake haitengenezwi tena popote, naikunja mwenyewe. Sijawahi kumwambia mtu kwamba mzani wako umepitwa. Sasa mtu aliyetengeneza kitu kama hiki, kilichobeba sauti ya mke wangu, atakosaje kuwa na roho kama yangu?

Bisibisi: Umenena. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Shangazi: Kwa hiyo unakubali ni zimwi?

Bisibisi: Ni methali tu, Shangazi.

Shangazi: Halikuli likakwisha. Haya, kwa wifi limebakiza nini? Kijiko.

Bisibisi alikuna shingo. Hapendi kushindwa mbele ya birika, na akishindwa huwa anapanda juu zaidi.

Bisibisi: Sikilizeni, niwaambie kitu ambacho hawataki mkijue. Wale wana daftari mbili. La vyombo vya zamani na la vyombo vipya. Tarehe thelathini saa sita wanachoma la zamani. Chombo kilichokuwa kimewaka kinaungua nalo. Kilichokuwa kimezimwa hakimo kwenye la zamani, hakimo kwenye jipya. Kiko huru. Kitaishi mpaka kichoke chenyewe.

Mimi: Nani alikuambia?

Bisibisi: Haambiwi mtu hayo. Unayahisi mkononi ukikifungua.

Dakika Moja: Mimi nilisikia wanazihifadhi sauti. Nipeni dakika moja. Wanazihifadhi ghalani, zote, halafu zile nzuri wanaziuza. Mtu yuko zake mbali huko, hajui hata mtaa huu, amepanga foleni kwenye ofisi yao, anasikia kutoka darini: "Anayefuata!" Kumbe ni Bi Dirishani.

Alilitoa kama mzaha. Mizani aligeuka akamtazama, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

Mizani: Wampe mtu mwingine sauti yake?

Dakika Moja: Nimesikia tu, mzee wangu.

Mizani: Mjukuu anazaliwa mwezi ujao. Ile "Njoo kwa bibi" hajawahi kuibonyeza. Anaiwekea siku yake.

Baada ya hapo hakuna aliyependekeza kusubiri zaidi. Mizani alifungua taulo, mkunjo baada ya mkunjo, akabonyeza kitufe. Tulisogea wote. Kioo kikawaka, alama ya kampuni ikatokea, kisha picha zake zikajipanga. Programu ya sauti ilikuwepo palepale ilipokuwa, ile yenye mdomo wa kijani. Bisibisi akapiga paja: "Si niliwaambia?" Mizani akaigusa.

Ilifunguka nyeupe. Katikati palikuwa na mistari miwili, nami nikaisoma kwa kuwa ndiyo kazi waliyonipa: "Huduma hii imefungwa. Asante kwa kuwa mteja wetu mwaminifu."

Mizani aliigusa tena. Akazima, akawasha, akaigusa tena. Mistari ni ileile.

Bisibisi: Hiyo ni ganzi tu. Kimelala wiki tatu. Hata mtu akilala wiki tatu hasemi siku hiyo hiyo.

Dakika Moja: Lakini mmeona? Wamesema asante. Mtu hawezi kukushukuru kama amekutupa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tumesikia. Subira tu. Kesho, keshokutwa, wanafungua tena kwa waliotulia.

Bisibisi: Au tukipandishe juu ya paa. Kule mtandao unakuja safi, haujapita kwenye vichwa vya watu.

Shangazi: Nyamazeni. Mnamwona alivyo?

Nilimwona. Alikuwa anabonyeza ile picha ya mdomo polepole, mara moja, anangoja, mara moja tena, namna mtu anavyogonga mlango wa nyumba ambayo anajua ina watu ndani.

Ndipo Bi Dirishani alipotokea. Alikuwa ametoka kwenye kibanda cha Bisibisi. Kwa kuwa aliambiwa kishikwambi kiko kwa fundi, alichoka kungoja akakifuata kwa fundi, akakuta kufuli. Alikuwa na daftari mkononi na penseli imechomekwa kwenye kilemba. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuja benchini. Tulisimama, hata Dakika Moja.

Bisibisi: Shemeji, karibu. Tulikuwa ndiyo tunamalizia matengenezo.

Alimpita. Aliona taulo, akaona kishikwambi, akamwona mumewe. Akanyoosha mkono. Mizani akampa.

Hakuigusa programu. Alifungua ujumbe. Ule ujumbe tuliokuwa tukiubishania wiki tatu ulikuwa bado umo, na juu kabisa, kabla ya "Mteja wetu mwaminifu", palikuwa na jina lake, jina lake kamili, lile alilotumia zahanati. Siku ile nililiona nikaliruka. Alisoma mpaka pale tulipoishia, kisha akaweka kidole kwenye kioo akausukuma juu, na maandishi yakaendelea kupanda. Kumbe yalikuwa marefu. Alisoma hadi mwisho. Kisha akanipa mimi niwasomee wengine.

Nikasoma: "Wewe unayetumia programu ya sauti, washa kifaa chako na ubonyeze kitufe kilicho hapa chini kabla ya tarehe thelathini. Sauti yako itahamishiwa kwenye kifaa chochote utakachochagua, kiwe chetu au cha kampuni nyingine, bila malipo. Baada ya tarehe hiyo sauti zote zitafutwa."

Chini yake kitufe kilikuwepo, rangi ya majivu. Bisibisi alikibonyeza kwa kidole gumba. Akakibonyeza tena. Akatoa mkono wake akauweka mfukoni, na toka siku ile sijamsikia akisema jambo la daftari mbili.

Mizani: Mama, mimi sikutaka upate hofu. Nilisema kwanza niwaulize watu.

Bi Dirishani alivuta penseli kwenye kilemba, akafungua daftari juu ya goti la mumewe, akaandika mstari mmoja. Hakuuandika kwa hasira. Herufi zilikuwa nzuri, zile zile alizokuwa akiandikia kwenye pakiti za dawa: "Mara mbili kwa siku, baada ya kula." Akanigeuzia. Nikasoma kwa sauti, na nilichukia kwamba sauti iliyoyasema maneno hayo ilikuwa yangu:

"Kwa nini hamkuniuliza mimi?"

Akampa Mizani penseli.

Mizani aliishika. Aliinama juu ya daftari muda mrefu, ncha imegusa karatasi, pakatokea nukta moja nyeusi na hapakutokea zaidi ya hapo. Alipoona hawezi, akampa Dakika Moja. Dakika Moja, mtu wa saa nzima, aliitazama kama kitu ambacho hajawahi kuuziwa, akaipitisha kwa Bisibisi. Bisibisi hakuinua macho. Ikafika kwangu. Nilijua jibu, na ndiyo maana sikuliandika: hatukumuuliza kwa sababu hasemi. Tulimwona hana sauti tukadhani hana neno, sisi wenye sauti zetu zote. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikikaa kwenye ubao ule inakaa nami.

Nikamrudishia penseli yake. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaichomeka kwenye kilemba, akamshika mumewe mkono wakaondoka. Mizani alikuwa anasema naye njia nzima, tulimsikia mpaka kwenye kona, anasema na kusema, naye anamsikiliza.