Injini Kubwa, Boti Ndogo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Idara ya Vivuko. Wageni mliofuatana naye. Walimu na watoto wetu wa kwaya. Abiria wetu wa kila siku. Na wewe mama uliyesimama pale nyuma na mzigo kichwani kana kwamba hatuna viti. Kaa, mwanangu. Leo havuki mtu mpaka risala iishe.

Mimi ndiye nahodha wa boti ya kuvusha ya hapa gatini. Kwenye kitambulisho nina jina refu, lakini hapa hata wanaonizidi umri wananiita Shangazi, nami nimekubali yaishe. Wenzangu wamenipa heshima ya kusoma kwa niaba yao. Aliyeandika ni katibu wetu, mwandiko wake mzuri kabisa, ila ana ugonjwa wa kuweka "kwa unyenyekevu mkubwa" kila mstari. Nitalisema mara moja, litoshe risala nzima: kwa unyenyekevu mkubwa, karibu.

KARIBU TENA

Mheshimiwa, tunasema karibu tena kwa sababu wewe si mgeni wa kupunga mkono na kuondoka. Ulipofika mara ya kwanza mvua ilikuwa inamwagika, ukavuka na sisi kwa injini yetu ya zamani, ile tunayoiita Kikohozi. Katikati ya mkondo Kikohozi akakohoa, akakohoa tena, akanyamaza. Mwingine angetoa simu aanze kufoka. Wewe ulivua viatu, ukakunja suruali, ukamshikia fundi wetu mwavuli juu ya injini ili plagi isiingie maji wakati anaibadilisha. Ukalowa wewe, plagi ikabaki kavu.

Viongozi tumewaona, Mheshimiwa. Wa kulowa kwa ajili ya plagi tumemwona mmoja tu. Siku ile, ulipokuwa unakamua soksi zako hapa gatini, tulikwambia asante kwa haraka haraka, maana tulikuwa na aibu. Leo tunaisema vizuri, tena mbele ya watu: asante sana.

TULIVYOKUWA TUKIENDESHA KWA KUBAHATISHA

Baada ya safari ile ulituletea mwalimu wa injini. Tunakushukuru zaidi kwa huyo mama, na ili ujue ukubwa wa shukrani yetu ni lazima ujue tulikuwa watu wa namna gani.

Petroli tulikuwa tunajaza abiria wakiwa ndani. Mtu akiwa na sigara tunamwambia, "Baba, hebu geukia kule," kana kwamba moto unafuata uso. Maboya ya kuvaa yalikuwepo, lakini tuliyakalia, maana mbao za boti ni ngumu. Na pale pembeni ya Kikohozi kuna katundu kanakorusha maji injini ikiwaka. Sisi tuliona inavuja. Tukachonga kijiti, tukaziba, tukapongezana. Injini ikapata moto mpaka rangi ikababuka, tukaapa kwamba kuna mtu ametufanyia husuda.

Mwalimu alipokiona kile kijiti hakucheka. Alikichomoa, akakiweka mfukoni, akatuambia kwa sauti yake ya chini: "Yale ndiyo maji yanayoipoza injini. Yakitoka, endeleeni. Yasipotoka, zimeni hapo hapo, hata kama mmebeba waziri." Tukamwuliza, "Na waziri akikasirika?" Akasema, "Waziri aliyekasirika anaweza kuombwa radhi. Aliyezama haombwi." Maneno yale yalituingia.

TULIYOYAFANYA TANGU HAPO

Siku hizi kila asubuhi, kabla mtu hajakanyaga boti, fundi anapima oili, anapapasa mpira wa mafuta kama una ufa, anamwaga maji yaliyojikusanya kwenye chujio la petroli, anakaza bolti, anakagua panga boi la kusukuma boti kama limeshika nyavu au nailoni. Tukijaza mafuta abiria wote wanakuwa nje, wakubwa kwa wadogo, na hatuwashi mpaka harufu iishe. Jioni tunamwosha Kikohozi kwa maji baridi ya bomba, ndani na nje, chumvi itoke. Mke wa fundi anasema injini inaogeshwa kuliko yeye anavyoandaliwa maji ya kuoga. Fundi, jibu unalo mwenyewe.

Na maboya ya kuvaa hayawi matakia tena. Kuna kijana mmoja alifika hapa na suti mpya, anakwenda ng'ambo kuposa. Nikampa boya. Akasema, "Shangazi, nitaonekanaje mbele ya wakwe?" Nikamwambia, "Utaonekana umefika." Akagoma. Nikazima injini, nikatoa karanga zangu nikawa natafuna. Abiria wakamgeukia yeye, wala si mimi, wakampa maneno yake. Akavaa. Akavuka, akaposa, akakubaliwa, na boya akalisahau mwilini mpaka sebuleni kwa wakwe! Siku hizi vijana wenye safari kama yake wanachagua boya lile lile.

Tangu mwalimu aje, Mheshimiwa, hatujapoteza abiria. Kabla yake tulikuwa hatuwezi kusema hivyo, na wapo waliokaa hapa mbele wanaojua ni nani walimpoteza na ni lini. Kwa hiyo tukisema asante, tunajua tunachokisema.

CHANGAMOTO

Hapa naomba wanaonong'ona wanyamaze. Na mwenyekiti wetu aache kunikonyeza, maana hata yeye alikaa kwenye kikao tulipokubaliana kwamba sehemu hii isomwe.

Mheshimiwa, changamoto yetu iko pale kwenye mteremko, nyuma ya boti, chini ya kitambaa chenye utepe. Ni injini uliyotuletea.

Tusieleweke vibaya. Ni injini nzuri. Ilipofika tuliizunguka kama mtoto mchanga, kila mtu akitaka kuigusa. Na ni hiyo hiyo tuliyoiomba: barua yetu ilisema "injini kubwa kuliko zote", nawe ukaleta kubwa kuliko zote. Kosa hapo si lako. Siku tunaandika barua, fundi alisema, "Tuombe mpya ya ukubwa wa Kikohozi, na sanduku la vipuri." Mwenyekiti akaruka juu: "Wewe! Mtu mzito kama yule ukamwombe kitu chepesi? Si kumdharau huko?" Sote tukapiga makofi, na mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Hapa kwetu kumwomba mkubwa kitu kidogo tunaona ni kumvunjia heshima, na katika heshima zote hakuna aliyeiuliza boti.

Jana mchana tuliifunga, tukaisukuma boti majini bila abiria, fundi peke yake ndani, na wembamba wake mnaujua. Ubao wa nyuma ukalia kwaa! Nyuma ikazama, pua ikaangalia mbinguni, maji yakabakiza vidole viwili yaingie. Tena maji yalikuwa yametulia kabisa. Fundi akarukia gatini, akashika kiuno. "Shangazi," akasema, "hii si boti tena. Hii ni ndoo." Tukaivuta juu haraka, ndipo ilipokaa mpaka sasa.

Na ratiba mliyoshika mkononi inasema kwamba baada ya risala mgeni rasmi ataingia boti ile, na injini ile, pamoja na watoto wote wa kwaya, azungushwe mkondoni wakiimba. Maana desturi yetu ni kwamba zawadi hujaribiwa mbele ya aliyeitoa, naye akiwemo.

Jana hiyo hiyo tukakaa kikao, na hapakuwa na utani. Mwenyekiti alisema, "Tukimwambia asipande, ataona tumemrudishia zawadi usoni. Ataondoka nayo, na Kikohozi ana siku ngapi? Tumzungushe mara moja tu, polepole, ukingoni."

Fundi akamwuliza, "Mwenyekiti, maji ya ukingoni hayamfiki mtoto kichwani?"

Mwenyekiti alikaa chini, akavua kofia. Wajukuu zake wako kwenye ile kwaya, wenye riboni za bluu. Akasema, "Basi andikeni. Lakini andikeni vizuri." Simsemi vibaya, Mheshimiwa, na ninyi msimcheke. Anachokiogopa ni kweli. Zahanati iko ng'ambo, na mke wa fundi, yule aliyekaa kivulini na kanga ya kijani, siku zake za kujifungua zimekaribia. Kikohozi akinyamaza usiku wa uchungu wake, hatuna kingine cha kumvusha. Fundi analijua hilo kuliko sote, na bado ndiye aliyesema usipande.

TUNAYOYAOMBA

La kwanza ni la leo, tena la sasa hivi. Tunakuomba utepe uukate pale pale boti ilipo, juu ya nchi kavu, na vigelegele tutapiga vya kutosha. Mshereheshaji alitaka iwashwe ili watu wasikie mlio wake. Tunaomba mlio huo nao usubiri, kwa sababu injini ya boti ikiwashwa pakavu, kile kimpira cha ndani kinachosukuma maji huungua kabla makofi hayajaisha. Kama utapenda kuvuka, jirani yetu ametuazima boti yake isiyo na injini, Kikohozi amefungwa huko tangu alfajiri, maji yanatoka pembeni vizuri, na boya lako lipo. Tutakwenda na watoto kwa mafungu, kila fungu kwa kadiri ya boti. Itachukua muda. Tunaomba utuvumilie.

La pili, tunaomba injini hii ibadilishwe kwa ndogo inayotutosha, au siku idara ikijaliwa, ije boti inayoiweza. Tukikosa yote mawili, basi iende gati nyingine yenye boti kubwa, iwasaidie wenzetu. Tutaumia, sitadanganya. Fundi aliifuta kwa shati lake mwenyewe. Lakini tutaumia tukiwa tumekaa hapa kwenye viti, watu wote wakiwepo.

La tatu ni vipuri: plagi, chujio, na vile vimpira vya kusukuma maji. Ni vitu vidogo, na tumejifunza kutoona aibu kuviomba. Na mwalimu, Mheshimiwa, arudi hata kwa siku chache. Tunataka aone kwamba tulisikia.

Katibu alikuwa ameandika hapa kwamba tuko tayari kupokea uamuzi wako wowote. Nilimwambia afute, naye amekataa kuharibu mwandiko, kwa hiyo nausahihisha kwa mdomo. Tuko tayari kupokea uamuzi wowote kuhusu injini. Ukisema unaichukua leo hii, tutaisaidia kupanda kwenye gari na tutakuaga kwa heshima, na asante yetu haitapungua. Ila kuhusu kupandisha watu kwenye boti ile hatuko tayari, na tusingethubutu kulisema kama si wewe. Mwalimu uliyemleta ndiye aliyetutoa ujinga. Tungekuwa wale wa zamani, sasa hivi tungekuwa tunakushika mkono uingie, tukicheka.

Mheshimiwa, hii kamba nyekundu mnayoiona mkononi mwangu, wengine mlidhani ni urembo wa shughuli. Ni ya injini ile. Nahodha hujifunga mkononi, ncha ya pili inachomekwa kwenye swichi. Nahodha akianguka, inachomoka na injini inazima yenyewe. Bila hii haiwaki. Mwalimu alisema nahodha hampi mtu kamba yake, hata mwajiri. Nimejifunga tangu asubuhi, kabla mwenyekiti hajaamka. Ukiniambia "Shangazi, simama," nitasimama. Ukiniambia "Shangazi, wacha kazi," nitawaachia wenye kazi. Ukiniambia "Shangazi, nipe hiyo kamba," hilo moja nitakukatalia, mbele ya wageni wako wote.

Mwenyezi Mungu akupe umri na afya. Akuzidishie moyo wako ule ule. Abariki mikono iliyotuletea mwalimu, na amrahisishie mama yetu wa kanga ya kijani siku yake itakapofika.

Ni sisi tunaokutaka urudi salama nyumbani kwako leo,
Wavushaji wa Gati, Kikundi cha Tuvuke Salama.