Mama Nusu Kikombe

Wasikilizaji wapendwa, leo sitaanza kwa muziki wa huzuni. Fundi mitambo wangu alishauandaa, nimemwambia auzime. Marehemu tunayemkumbuka hakuupenda. Alisema muziki ule unamfanya mtu aonekane amekufa mara mbili.

Jumanne iliyopita alitutoka mwanamke aliyekuwa mhudumu mkuu wa behewa la mgahawa, kwenye treni ya umeme ya safari ndefu. Moyo ulisimama ghafla. Nasema tena kwa waliochelewa kufungua redio: mhudumu mkuu wa behewa la mgahawa, miaka hamsini na nane. Wasafiri walimwita Mama Nusu Kikombe.

Jina hilo lina kisa chake. Alikumiminia chai nusu, akaondoka, kisha akarudi kukumiminia nusu nyingine. Wageni walinung'unika, wengine wakamwita mchoyo. Hawakujua kwamba treni ile inakwenda kasi, na kabla ya daraja la mto kuna kona kali. Yeye aliihisi miguuni kabla haijafika. "Ukijaza kikombe, kona inakunywa kabla ya mgeni," alimfundisha mdogo wake, aliyekuwa mpishi humo humo. "Nusu kabla ya daraja, nusu baada ya daraja." Mdogo wake ananiambia, "Dada hakuwahi kumchoma mtu chai. Miaka kumi na tisa!" Mmesikia? Miaka kumi na tisa.

Sasa tuje kwenye lile lenyewe. Yalipoletwa mabehewa mapya, yenye milango ya kujifunga yenyewe na vitambaa vyeupe mezani, kilikuja pia kibao: Daraja la Kwanza Pekee. Watu wa daraja la tatu wapelekewe chakula kwenye maboksi, wakile wakiwa wameyapakata. Safari ya saa kumi na nne! Mama alikisoma kibao, akaendelea kukaribisha watu kama kawaida. "Mwenye njaa akae," alisema. Wakubwa wakamwonya mara ya kwanza, wakamwonya mara ya pili. Wakasema sikio la kufa halisikii dawa. Wapi! Sikio lake lilikuwa zima kabisa.

Mchana mmoja meneja akapanda. Akamkuta mwashi mezani, buti zina saruji, mbele yake kuku na viazi. Akasema kwa sauti, behewa zima likasikia, "Mama, mtoe huyu."

Mwashi akaanza kuinuka. "Acha tu, mama, nitamalizia kule nyuma."

Mama akamwekea mkono begani. "Kaa, baba. Umeshanawa, utakula."

"Ama atoke yeye," meneja akasema, "ama ushuke wewe kituo kinachofuata."

"Nitashuka," Mama akajibu. "Ila huyu amalize kwanza."

Akammiminia mwashi chai, nusu. Daraja likapita. Akammiminia nusu ya pili. Akafuta meza taratibu, hata pale meneja alipoegemea akapafuta. Treni iliposimama, akashuka na aproni kiunoni, mlango ukajifunga nyuma yake.

Nimejuaje? Nilikuwamo. Meza ya pili kutoka kwao, tiketi ya daraja la kwanza mfukoni, mdomo umejaa viazi. Mimi ambaye kazi yangu ni kusema, wasikilizaji wapendwa, sikusema neno. Naona aibu mpaka leo.

Kazini hakurudishwa. Wakubwa wenyewe walimwandikia barua ya yeye kuomba radhi, ikabaki saini yake tu. Mume wake, fundi cherehani, anakiri: "Nilimwambia, mke wangu, tia saini, tutakula nini? Akanijibu, tutakula chochote, baba watoto, lakini tutakula tumekaa." Barua ile akaifunikia sufuria ya maharage. Akaenda kupika shuleni, akapika huko miaka saba, hadi Jumanne.

Kwa mume wake, kwa binti zake wawili, kwa mdogo wake ambaye jana alikuwa analia na kucheka kwa pamoja: poleni, poleni sana. Mungu ampumzishe mahali pema. Lakini sisi wengine tusijifiche nyuma ya pole. Kila mmoja ajiulize leo: mtu akiinuliwa kitini mbele ya macho yangu, mimi nitaendelea kutafuna?

Mimi nimejiuliza miaka saba, na kibao kile bado kipo. Kesho asubuhi napanda treni ileile kwenda kumzika. Nimekata tiketi ya daraja la tatu. Saa ya chakula ikifika nitakwenda kwenye behewa la mgahawa, nitavuta kiti, nitakaa. Wakitaka, waje waniinue.