Nani Atanibeba Kawangware?

Mzee Kagiri alikuwa akirudi kwake Kawangware kwa basi. Kwenye kiti cha mbele yake, wanawake wawili wasiojuana walikuwa wakibishana. Valentine, mjamzito wa miezi saba, alikuwa anahama Kibera kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi ya useremala Kawangware.

"Lakini mimi sitaki," alisema. "Uchungu wa mtoto wangu wa kwanza uliponishika pale Kibera, majirani walinibeba na blanketi mpaka barabarani. Huko kwenu nani atanibeba?"

"Mimi," akajibu Angeline, muuza mboga wa Kawangware. "Na hata hautabebwa. Kwetu boda inafika mpaka mlangoni."

"Boda haiwezi kunishika mkono, mama."

"Si ndio nakwambia niko?"

Kagiri, mzaliwa wa Kawangware, alitaka kuitetea mitaa yake. Lakini hakukumbuka ni lini yeye alimbeba mtu.

Basi likasimama. Angeline akachukua begi la Valentine bila kuombwa.

"Nyumba nitaingia," Valentine alisema, akicheka, "lakini Kibera bado inawashinda."

"Shuka kwanza. Tutabishana tukitembea."